Maksai Wawili wa Baba na Mnada Uliolala

Baba alizikwa na viatu, na ugomvi ulianzia hapo. Kaka alivinunua vipya, vyeusi, vya kufunga kamba, akamvalisha mzee aliyetembea peku maisha yake yote isipokuwa saa ya misa, na hata misani alikuwa akivivua chini ya benchi padri akianza kuhubiri. Nikasema baba atafika mbinguni anachechemea. Nilisema kwa sauti, maana sauti ndogo sikuzaliwa nayo. Kaka akanijibu mbele ya waombolezaji wote kwamba nirudi kwenye masufuria yangu ya supu, mambo ya wanaume niwaachie wanaume. Tangu siku ile tukawa hatusemezani.

Masufuria yenyewe ni kweli ninayo. Nauza supu ya ng'ombe na chapati mjini, pale Majengo, asubuhi, kwa watu wenye haraka na watu wenye hangova, na jioni narudi kwangu Bombambili. Kaka amebaki kijijini, njia ya kwenda Namtumbo, kwenye shamba alilotuachia baba. Ananipita umri kiasi kwamba nilipozaliwa yeye alikuwa ameshaanza kunyoa ndevu, na hajawahi kusahau jambo hilo.

Ukoo ukakaa kikao cha kumaliza msiba. Mali ya baba haikuwa ya kuumiza kichwa: shamba, nyumba, mbuzi kadhaa, na maksai wawili wa kulimia. Hao maksai ndio waliokuwa utajiri wake na fahari yake. Aliwafundisha mwenyewe tangu wakiwa ndama, akiwatukana kwa Kingoni asubuhi hadi mchana, matusi ambayo mama alikuwa akiyafungia dirisha. Wa kulia alifundishwa kutembea ndani ya mfereji uliokwisha kulimwa. Wa kushoto alifundishwa kutembea juu, kwenye ardhi ambayo bado. Walifanya hivyo miaka yote, na kila mmoja alijua upande wake tu. Ukimtoa mmoja, aliyebaki ni ng'ombe mkubwa mwenye mawazo.

Wazee wa ukoo, wakiongozwa na baba mdogo, walikula ubwabwa wa kikao mpaka ukaisha, kisha wakatenda haki. Kwa kuwa watoto ni wawili na maksai ni wawili, kila mtoto apewe maksai mmoja. Nira ilikwenda kwa kaka, plau likaja kwangu. Baba mdogo akafuta mdomo, akatutazama mmoja mmoja, akasema hakuna aliyeonewa. Nawaambieni, baba angeacha mkasi, wazee wale wangeulegeza msumari na kumpa kila mtu ubapa wake. Na sisi wawili, ambao tungeweza kusema neno moja tu la maana, tulinyamaza, kwa sababu kusema kungekuwa kusemezana.

Basi maksai wa kushoto akahamia Bombambili.

Wahenga walisema ng'ombe wa maskini hazai. Wangu alikuwa maksai, dume lililohasiwa, kwa hiyo methali ilikuwa imeshamaliza kazi yake kabla hajafika. Nilimfunga uani, kati ya choo na jiko. Wiki ya kwanza alikula mchicha wa jirani wa kushoto. Wiki ya pili alikula shuka la jirani wa kulia, likiwa kwenye kamba, bado bichi. Mwenyekiti wa mtaa alikuja kunieleza kwamba mtaa una utaratibu, na wakati ananieleza, maksai alimlamba mgongo wa shati kwa upendo kabisa. Mwenyekiti akaniambia nimwondoe mnyama huyu kabla mambo hayajafika mbali.

Nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kumpelekea kaka, na hiyo sikuihesabu kuwa njia. Ya pili ilikuwa kumuuza.

Hapo ndipo nilipojifunza thamani ya mnyama aliyefundishwa. Mwaka wenye neema, maksai anayejua kazi haulizwi umri wala meno. Mkulima anakuja kwako akiwa na heshima kama anaposa. Lakini mwaka ule mahindi yalikuwa yamejaa mpaka chini ya vitanda vya watu na hayana mnunuzi. Mkulima alikuwa na magunia ya kutosha kukalia, kulalia na kufungia mlango, ila hana shilingi. Wenye shilingi walikuwa wamehamia kwenye trekta za kukodi na pawatila, vile vitrekta vya kushika kwa mikono. Mvua za kwanza zilikuwa zimeshaanza kudondoka, wakati ambao maksai huwa wanagombewa, na hakuna aliyenipigia simu hata kuulizia.

Aliyekuja ni mwenye bucha. Huyu bwana ndiye anayenipa nyama ya supu kila siku, tunajuana vizuri, na simlaumu kwa lolote, kila mtu na riziki yake. Akamzunguka maksai. Hakutazama shingo palipokaa nira, wala hakuuliza anajua nini. Akamshika paja kama mtu anayejaribu godoro.

"Mama supu," akasema, "huyu ana kitu hapa nyuma."

"Huyu ni ng'ombe wa kulima," nikamwambia. "Amefundishwa."

"Sawa, amefundishwa. Sasa elimu yake mimi naipima kwenye mzani gani?"

Akataja bei. Bei yenyewe haikuwa mbaya kwa nyama. Nikafikiria jinsi mambo yatakavyokwenda: anamchukua jioni, alfajiri ananiletea kwenye mfuko kama kawaida, nami namtia kitunguu na tangawizi, na wateja wangu wanamkamulia limau. Maksai wa baba. Niliingia ndani nikalia, nikatoka nikamwambia nitafikiria.

Nikaamua kumpeleka mnadani. Mnadani kuna wakulima, nikajiambia, lazima atakuwepo hata mmoja mwenye akili. Nilimswaga kwa miguu tangu alfajiri, na plau nikampa bodaboda alifunge nyuma ya pikipiki, akanitoza kama abiria mwenye mizigo. Niliona nikiliweka plau kando ya ng'ombe, watu wataelewa wenyewe kwamba hapa hatuuzi mchuzi.

Mnada ulikuwa umelala. Watu walikuwepo, tena wengi, lakini walikuja kutembea. Walipita wamefunga mikono nyuma, wanatazama ng'ombe kama wanavyotazama harusi ya mtu mwingine. Mtu anauliza bei, anaguna, anauliza na bei ya plau, anaguna tena, anaenda kunywa chai. Wanunuzi wa kweli walikuwa wenye bucha peke yao, na wangu alikuwa kati yao. Alinipungia mkono kutoka mbali, kwa upole wa mtu anayejua kwamba jua litazama.

Ndipo maksai wangu akainua kichwa na kulia, sauti ambayo sikuwahi kuisikia uani kwangu. Akaninyang'anya kamba akaondoka. Nilimfuata nikipiga kelele, watu wakatupisha, na kule mbele, kando ya kibanda cha chai, nikamwona kaka. Amesimama na nira begani na maksai wa kulia pembeni yake. Na yeye alikuja kuuza.

Maksai wangu hakupoteza muda. Alizunguka, akaenda upande wa kushoto wa mwenzake, akasogea mpaka mbavu zao zikakaribiana na kubaki nafasi ile ile ya nira, akatulia. Wote wawili wakainamisha shingo, wakasubiri. Nira ilikuwa bado begani kwa kaka.

Watu walicheka mpaka mwenye chai akaja kutazama. "Hawa wana akili kuliko ukoo uliowagawa," akasema mmoja, na wala hakuwa wa ukoo wetu, hakujua alichosema. Kaka alitazama mbinguni. Mimi nilitazama plau. Ukweli nilitaka kucheka, na nikiona mabega yake nadhani naye alitaka, lakini hakuna aliyekuwa tayari kuwa wa kwanza.

Katika kucheka kule akajitokeza mama mmoja mkulima wa tumbaku, ametoka upande wa Namtumbo, amevaa gambuti na kanga mbili. Aliwatazama maksai shingoni, miguuni, kwenye kwato, mahali pote ambapo mtu wa kulima hutazama.

"Hawa ni jozi," akasema. "Nani mwenyewe?"

"Mimi," tukajibu wote wawili.

Akatutazama. "Naomba niwaone wakifanya kazi."

Pembeni ya mnada palikuwa na shamba la mabua, na mwenye shamba, ambaye alikuwa hapo hapo anakunywa chai, alisema kulimiwa bure hawezi kukataa. Kazi ya kufunga ng'ombe tuliifanya kupitia kwa mama wa watu. Kaka anamwambia, "Mwambie huyo alete mnyororo." Mimi namwambia, "Mwambie nira ameiweka kinyume." Yeye anageuza kichwa huku na huku, na mwishoni akasema, "Jamani, mimi nimekuja kununua ng'ombe, sikuja kusuluhisha."

Kaka akashika plau, akatoa sauti, na maksai wakaingia kazini. Sijui niseme nini mwenye kusoma aone. Wa kulia alitafuta mstari wake, wa kushoto akachukua juu, ardhi ikafunguka na kulala upande mmoja imenyooka. Watu waliacha kucheka. Mama wa tumbaku alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika, na mimi nilikuwa nimeshaanza kumfikiria mwenye bucha kwa huruma.

Katikati ya shamba maksai wakasimama.

Kaka akatoa sauti tena. Hawakusogea. Akawachapa kwa fimbo, kwanza kidogo, kisha sana. Wakasimama na kutafuna kitu ambacho hakikuwepo. Mnada wote ulikuwa sasa kandokando ya shamba, na mwenye bucha amefika mstari wa mbele.

Nikarudia kichwani kilichotokea kabla hawajasimama. Hakikuwa kitu. Wasichana wa kwaya walikuwa wamepita kwenye kinjia, wanarudi mazoezini, na kama ilivyo adabu walimsalimia mzee aliye kazini, "Shikamoo baba!" Kaka, kwa jasho na hasira, hakuwaitikia. Wakapita zao.

Nikamkumbuka baba. Baba hakuwahi kuacha salamu ipite shambani. Mtu akisema shikamoo akiwa kule barabarani, baba alikuwa anasimamisha plau, anaitikia marahaba, anauliza mama hajambo, mahindi yameotaje, yule mgonjwa ameamkaje, ndipo anaendelea. Mama alikuwa akisema kwamba shamba letu halilimwi, linasalimiwa. Miaka yote ile maksai walikuwa wanasikiliza. Salamu ikitolewa, kazi inasimama. Salamu isipoitikiwa, kazi haijaanza. Hakuna mtu aliyekusudia kuwafundisha jambo hilo. Walilielewa wenyewe, na walilishika kuliko tulivyolishika sisi.

"Mwambie aitikie salamu!" nikamwambia mama wa tumbaku.

"Aitikie nini?"

"Ya wale mabinti!"

Mama akapaza sauti, na kaka akageuka akatutazama kama watu tuliokunywa ulanzi tangu asubuhi. Kisha akaelewa. Niliona usoni akielewa. Akasema, kwa uchungu wa mtu anayetoa jino, "Marahaba!" Nira ikalia, maksai wakaegemea, ardhi ikafunguka.

Wanaume wa mnada hawajakua, hilo nililijua siku hiyo. Kila mmoja akataka kujaribu. "Shikamoo!" Wanasimama. "Marahaba!" anasema mwingine. Hawasogei. Walijaribu marahaba nene, marahaba nyembamba, marahaba ya kipadri. Hakuna kitu. Ni mpaka kaka aitikie. Hapo nikagundua nisichowahi kukigundua wakati tunasemezana: kaka ana sauti ya baba, yote, mpaka ile mikwaruzo ya mwishoni. Nilisimama kwenye mabua nikimsikiliza baba anaitikia salamu za wahuni.

Mama wa tumbaku akanisogelea.

"Ni wazuri," akasema. "Sijaona jozi kama hii. Lakini dada yangu, shamba langu liko kati ya barabara na kanisa. Kila anayepita ananisalimia. Na hawa nikiwaelewa vizuri, wanamtaka na kaka yako aitikie."

"Ndiyo."

"Huyo kaka unamuuzaje?"

"Huyo ningekupa bure."

Kaka alisikia. Alikohoa, akageukia mabua. Mama akanishika mkono, akanitakia soko jema, akaondoka na gambuti zake. Basi hiyo ndiyo hesabu yenyewe: elimu ambayo hakuna ng'ombe mwingine wa Ruvuma aliyekuwa nayo ndiyo iliyowashusha bei. Wangekuwa wajinga kidogo wangeuzwa asubuhi.

Jua lilipoanza kupungua, mwenye bucha akaja. Hakuringa. Alisema anawachukua wote wawili, na plau na nira atauza vyuma vyake na mbao zake, na malipo kule barabarani kwenye lori. Alimwuliza kaka. Kaka akasema pawatila ya kijiji imeshalipiwa, yeye maksai mmoja wa nini. Alinyoosha mkono. Aliponiuliza mimi, nikafikiria mchicha, shuka, mwenyekiti, na alfajiri ya kurudi na ng'ombe yule yule Bombambili. Nikanyoosha wangu. Tukapeana mikono mbele ya watu, na mnadani mikono ikishashikana hakuna kughairi. Ukighairi, kesho hakuna atakayekuuzia hata utumbo.

Maksai hawakumfuata mwenye bucha. Ikabidi kaka awaongoze. Akatangulia na kamba, wao nyuma, nira bado shingoni, kila mmoja upande wake, wanatembea kwa hatua moja kuelekea kwenye lori kama wanakwenda kulima. Hicho ndicho kilichonishinda. Wangekataa, wangepiga mateke, ningevumilia. Walikwenda kwa sababu waliamini kuna kazi.

Kughairi sikuweza. Kulia mbele ya mnada sikutaka. Kilichobaki ni kitu kimoja, nacho nilikuwa nimekinyima kinywa changu tangu siku ya viatu, na nilikuwa nimeapa nitakwenda nacho kaburini. Nikavuta pumzi.

"Shikamoo, kaka!"

Maksai wakasimama.

Kaka naye akasimama, mgongo kwangu. Mwenye bucha akavuta kamba, akasukuma matako ya ng'ombe, akaita vijana wake wakasukuma nao. Hakuna kitu. "Marahaba!" akasema mwenyewe, na watu wakacheka. Dereva akapiga honi. Lori limejaa wengine, na giza linaingia.

"Mzee," mwenye bucha akamwambia kaka, "dada yako amekusalimia. Mwitikie basi, twende."

Kaka akageuka. Alikuwa na machozi, yule mtu, hadi kwenye ndevu zake nyeupe. Alinitazama, akawatazama maksai, akanitazama tena, na nikaona ameelewa ninachoomba, kama alivyoelewa kule shambani. Wazee wote wa mnada walikuwa wanasubiri amwitikie mdogo wake, jambo ambalo mtu mzima hawezi kukataa bila kujiaibisha. Akaaibika. Alifunga mdomo wake kabisa, akausokota, akatikisa kichwa.

Honi ikapigwa tena. Mwenye bucha akatema mate, akasema ng'ombe asiyetembea yeye hambebi mgongoni, akapanda lori. Lori lilipotokomea mwenye chai akamwamkia kaka, kaka akamwitikia yeye, na maksai wakageuka kuelekea nyumbani.

Maksai wanakaa kwa kaka sasa, wote wawili, na plau lao. Msimu ukifika nafunga kibanda, naenda kijijini, analima yeye, nafuata nyuma mimi na mbegu, tunagombana kuhusu nafasi ya mashimo na kuhusu viatu. Tunaongea kila kitu. Ila ile salamu niliyompa pale mnadani mpaka leo hajaiitikia, na nikimkumbusha ananiambia ninyamaze, ng'ombe watasikia.